Nyamizi Mgonga Visu na Zimwi la Vinywa Viwili

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa wangapi?

Wawili.

Na mdogo yuko wapi?

Katikati.

Basi sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sisimami njiani.

Palikuwa na nchi mbili kubwa. Ya mashariki iliitwa Kimbandu, na mfalme wake alikuwa Shembago. Ya magharibi iliitwa Lusanje, na malkia wake alikuwa Mwanambuya. Kati yao ilikuwepo nchi ndogo ya vijiji saba, jina lake Chela. Chela haikuwa na jeshi wala ngome. Ilikuwa na chumvi.

Chumvi yenyewe ilitoka kwenye mbuga nyeupe isiyoota jani. Watu waliukwangua udongo wake, wakauchuja kwa maji, kisha wakayachemsha maji yale kwenye vyungu mpaka yakakauka na kubaki chumvi. Mchuzi wa Kimbandu ulitiwa chumvi ya Chela. Mchuzi wa Lusanje ulitiwa chumvi ya Chela. Kwa hiyo Shembago aliitaka Chela, na Mwanambuya aliitaka Chela, na kila mmoja alitaka zaidi ya yote mwenzake asiipate.

Shembago alianza kwa kujenga daraja mtoni, upande wa mashariki, akasema ni zawadi. Mwanambuya akajenga lake upande wa magharibi, pana mara mbili. Shembago akamletea jumbe wa Chela, Mzee Ntundu, mkeka wa kukalia. Mwanambuya akamletea kigoda. Shembago akampelekea mwavuli mwekundu. Mwanambuya akampelekea mwavuli wa buluu, na mtu wa kumkumbusha aufungue.

Basi Mzee Ntundu akawa anatembea na miavuli miwili, mmoja kila mkono, maana akiacha mmoja nyumbani, upande mmoja unanuna. Jua likiwaka, jasho linamwingia machoni na hana mkono wa kujifuta. Watu wakimcheka, naye anawaambia wacheke polepole, kuna wanaosikiliza.

Sasa, kule Chela kulikuwa na korongo refu ambalo njia ya chumvi ilipita ukingoni mwake, na ndani ya korongo liliishi zimwi. Nywele zake zilikuwa kama katani, ndefu mpaka magotini. Lilikuwa na vinywa viwili, kimoja usoni kama mimi na wewe, na kimoja kisogoni chini ya nywele. Tumbo lilikuwa moja. Zimwi lile lilikula yeyote aliyeingia korongoni, na mtu wa Chela hakuingia. Likikaa chini, watu wakipita juu, miaka ikaenda.

Siku moja Shembago akawaza. Akaona mwenye zimwi ndiye atakayekuwa mwenye njia, na mwenye njia ndiye atakayekuwa mwenye chumvi. Akaamua kuchanjiana nalo.

Kuchanjiana kwa nchi zile kulikuwa hivi. Watu wawili wanakaa uso kwa uso. Kila mmoja anachanjwa chale ndogo kifuani. Ini la mbuzi linachomwa, linakatwa vipande viwili, kila kipande kinapakwa damu ya mmoja na kuliwa na mwingine. Wakati wanatafuna, mtu wa tatu anasimama juu yao na visu viwili, anavigonga kimoja kwa kingine na kuyasema maneno ya kiapo. Wakimeza wameshakuwa ndugu, na kiapo kile hakuna aliyewahi kukivunja akapona.

Na visu vile viligongwa na ukoo mmoja tu, ukoo wa Chela, kwa sababu Chela ilikuwa katikati na haikuwa ya mtu. Mgonga visu wa wakati ule alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Nyamizi.

Nyamizi alirithi visu kwa shangazi yake. Alikuwa mwenye wasiwasi tangu utoto. Akifunga mlango, alirudi kuusukuma mara tatu aone kama umefunga. Maneno ya kiapo aliyahesabu kwa vidole, neno kwa neno, asubuhi akiamka na jioni kabla hajala. Alikuwa na mdogo wake mmoja, Kabula, mpika chumvi, na Kabula alikuwa kinyume chake kwa kila kitu. Kabula alisema kwanza, akafikiri baadaye, na mara nyingi hakufikiri kabisa. Hawakuwa na baba wala mama. Walikuwa wawili.

Basi askari wa Kimbandu wakaja kumchukua Nyamizi mpaka ukingoni mwa korongo. Akamkuta Shembago amekaa juu ya ngozi, na mbele yake zimwi limechutama, linanuka majivu yaliyolowa. Nyamizi aliomba aambiwe kama mfalme anajua anachokifanya. Shembago akamjibu kwamba wafalme hawaulizwi, wanagongewa.

Wakachanjwa. Zimwi likala ini kwa kinywa cha usoni. Nyamizi akainua visu juu ya vichwa vyao, akagonga, akasema:

"Ndugu akija na njaa, mpe anachokula.

"Mtu wa ndugu yako ni ndugu yako, usimle.

"Atakayemla mtu wa ndugu yake, tumbo limgeukie. Atakayemtoa mtu wake aliwe, mkono wake usifike kinywani."

Wakameza. Shembago akalishika zimwi bega, akaliita ndugu yangu mpenzi, akarudi Kimbandu akapiga ngoma siku tatu.

Ngoma zile zilisikika Lusanje.

Siku ya nne askari wa Lusanje wakaja kumchukua Nyamizi. Akapelekwa ukingo ule ule, zimwi lile lile limechutama, ila safari hii limegeuka, limempa malkia kisogo, na nywele zimefungwa pembeni ili kinywa cha nyuma kionekane.

Nyamizi akapiga magoti, akamwambia malkia kwamba huyu ana ndugu tayari, na ndugu mwenyewe ni adui yake.

"Kinywa cha mbele kina ndugu," Mwanambuya akasema. "Cha kisogoni bado hakijaapa."

"Na tumbo je, Malkia?"

"Wewe umeitwa kugonga visu. Hukuitwa kupima matumbo."

Askari mmoja akacheka. Nyamizi akatazama mikuki, akahesabu, ilikuwa arobaini na mmoja. Alijua halali ni kuondoka. Alijua shangazi yake angeondoka. Lakini aliogopa, watoto, na mtu akiogopa mikono yake huwa ya mwenye kumtisha. Akainua visu, akagonga, akayasema maneno yale yale, na kinywa cha kisogoni kikatafuna ini kwa sauti.

Basi zimwi likawa ndugu wa wote wawili, na likatoka korongoni. Ndugu hakai korongoni wakati ana nyumba mbili za kutembelea.

Mwezi ulipoandama, zimwi likaenda kwanza kwenye lango la Shembago. Likachutama, likasema:

"Ndugu yangu, njaa imenishika. Ninachokula unakijua."

Shembago akawatazama walinzi wake. Walinzi wakatazama vidole vya miguu yao. Zimwi likamkumbusha kwamba watu wake haliwagusi, kiapo kimekataza, kwa hiyo lipewe wengine.

Ilikuwa desturi mgonga visu awepo ndugu wa kuchanjiana wanapolishana kwa mara ya kwanza, naye Nyamizi aliitwa, akasimama kando. Akamsikia Shembago akiinamia sikio la zimwi na kuliambia kwa sauti ndogo liende Chela. "Wale si watu wangu," alisema. "Wale ni watu wa katikati tu."

Zimwi likaenda Chela, na askari wa Kimbandu wakalisindikiza. Likamla Mzee Ligwa, mpika chumvi wa kijiji cha tatu, aliyekuwa amekaa anachochea moto. Chungu chake kiliendelea kuchemka mpaka kikapasuka.

Mwezi wa pili likaenda kwenye lango la Mwanambuya. Likageuka, likampa kisogo, likasema:

"Ndugu yangu, njaa imenishika. Ninachokula unakijua."

Nyamizi aliitwa tena. Akamsikia malkia akilinong'oneza zimwi, mdomo umegusa nywele zile, kwamba liende Chela, kwani wale si watu wake, wale ni watu wa katikati tu. Ni maneno yale yale, kana kwamba wawili hawa walifundishwa na mwalimu mmoja. Zimwi likamla Sanane, mfinyanzi wa vyungu, siku saba kabla ya harusi yake.

Hapo Shembago naye akajua kwamba Mwanambuya amechanjiana na zimwi. Shembago akatuma mjumbe kumwambia Mwanambuya kwamba mwanamke anayechanjiana na kisogo hana uso. Mwanambuya akamrudisha mjumbe na jibu kwamba yeye angalau alikaa nyuma, hakukaa mbele akanusa pumzi. Matusi yakaenda na kurudi mpaka wajumbe wakachoka miguu.

Lakini hakuna aliyevunja undugu. Shembago alisema akiliacha zimwi, litabaki la Mwanambuya. Mwanambuya alisema akiliacha, litabaki la Shembago. Basi badala ya kuacha, wakazidisha. Kila mmoja akaahidi kulilisha vizuri kuliko mwenzake, na askari wao wakapiga kambi Chela, hawa ukingo huu wa mbuga, wale ukingo ule, wakisema wamekuja kuilinda.

Mchana, mbele za watu, wajumbe wa Shembago walikuja kwa Mzee Ntundu na ngoma, wakisema mfalme anawapenda watu wake wa Chela. Wajumbe wa Mwanambuya walikuja na zumari, wakisema malkia anawapenda watu wake wa Chela. Mzee Ntundu akaitikia kote kuwili, na miavuli yake.

Basi siku moja Kabula alikuwa kwenye vyungu vyake, wanawake wenzake wamemzunguka, na hapo pembeni askari wa Lusanje wanapokea chumvi. Mmoja wao akajisifu kwa upana wa daraja la malkia wao. Kabula akamwambia daraja ni pana kweli, linalipitisha zimwi bila kujipinda. Wanawake wakacheka. Kabula akiona watu wanacheka huwa hawezi kunyamaza, akaongeza kwamba malkia akipata zimwi la pili atalijengea jiko.

Neno lile likafika Lusanje kabla chumvi haijafika. Mwanambuya alikuwa anasukwa. Akamwambia msusi asimame, akauliza jina la mwanamke yule, akaagiza kwamba mwezi ujao zimwi lianze na ulimi ule.

Askari wakaja wakamfunga Kabula kwa kamba kwenye nguzo katikati ya mbuga ya chumvi, na wakasema siku ya tatu zimwi litafika.

Nyamizi alipokwenda kumwona alimkuta amekaa, mgongo kwenye nguzo, chumvi imemkausha midomo. Akamnywesha maji. Akaangalia mafundo ya kamba, akayahesabu, yalikuwa tisa. Akayahesabu tena.

"Dada, acha kuhesabu," Kabula akasema. "Hayapungui."

"Ni mimi niliyegonga visu."

"Najua ni wewe. Chela nzima inajua. Mama yake Sanane anatema mate ukipita, hujamwona?"

Nyamizi alikuwa amemwona. Akakaa chini kwenye chumvi. Akaanza kusema kwamba atakwenda kwa malkia kumwomba radhi, atapiga magoti, atalia.

"Usiende kulia kwa mtu anayefurahia kilio," Kabula akamwambia. "Wewe unajua kitu kimoja tu duniani, kiapo. Basi kijue vizuri." Halafu akageuza uso upande mwingine, maana hakutaka dada yake aone kwamba yeye naye anaogopa.

Nyamizi akarudi nyumbani. Akafunga mlango, na siku hiyo hakurudi kuusukuma. Akakaa na visu mapajani, akayapitia maneno ya kiapo kwa vidole. Akayapitia mara ya kwanza, hakuona kitu. Akayapitia mara ya pili, hakuona kitu. Mara ya tatu alifika kwenye neno mtu wa ndugu yako, akasimama hapo.

Mtu wa ndugu yako ni nani? Ni yule ambaye ndugu yako anasema ni wake. Na wafalme hawa wawili, sikioni mwa zimwi wanasema Chela si yao, na mbele za watu wanasema Chela ni yao. Hawajawahi kuyasema yote mawili mahali pamoja.

Asubuhi yake akaenda kwa Mzee Ntundu. Akamwamkia, mzee akamwitikia kwa unyonge. Akamwomba atangaze baraza siku ile ya tatu, pale pale mbugani penye nguzo, na aseme kwamba Chela imechoka kukaa katikati na siku hiyo itachagua mmoja.

Mzee Ntundu akauliza itamchagua nani. Nyamizi akamwambia haitachagua mtu.

"Mwanangu, wakijua unawachezea watatuchoma."

"Wanatula sasa hivi, baba. Wewe unashika mwavuli tu."

Mzee Ntundu akaweka miavuli yote miwili chini, akajifuta jasho kwa kiganja, akatuma wajumbe.

Siku ya tatu wakaja. Shembago alikuja kutoka mashariki na askari mia tatu. Mwanambuya alikuja kutoka magharibi na askari mia tatu na kumi, maana alikuwa ametuma mtu wa kuhesabu. Wakakaa pande mbili za mbuga, na hakuna aliyemwamkia mwenzake, kwa sababu anayeamkia kwanza ndiye mdogo. Watu wa Chela wakasimama kati yao. Kabula alikuwa kwenye nguzo yake.

Zimwi likaja likipita njia ya ukingoni, ardhi inatitia. Likachutama mbele ya nguzo, likamnusa Kabula, likasema kwa vinywa vyote viwili:

"Ndugu zangu, njaa imenishika. Ninachokula mnakijua."

Nyamizi akatoka mbele. Magoti yake yaligongana kiasi kwamba watu wa karibu waliyasikia. Akasema kabla ya kula kuna jambo moja dogo. Chela inataka kujua iko chini ya nani, na kwa kuwa neno la leo ni zito, zimwi liwe shahidi.

Shembago akatabasamu, akiwaza kwamba zimwi ni ndugu yake. Mwanambuya akatabasamu, akiwaza vile vile. Wakakubali pamoja, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza wawili hawa kukubaliana maishani mwao.

Nyamizi akauliza, "Watu wa Chela ni wa nani?"

Shembago akasimama haraka asitanguliwe. Akasema ni wake tangu baba yake. Mwanambuya akasimama akasema ni wake tangu babu yake, na baba wa Shembago wakati huo alikuwa anachunga mbuzi wa watu. Askari wa Lusanje wakacheka, wa Kimbandu wakashika mikuki.

Nyamizi akauliza mara ya pili, "Ni wenu kwa maneno tu, au ni watu wenu kweli, kama walio nyumbani kwenu?"

Mwanambuya akasema ni wake kama vidole vya mkono wake. Shembago akasema ni wake kama watoto waliotoka kiunoni mwake. Zimwi likaacha kumnusa Kabula, likainua kichwa.

Nyamizi akauliza mara ya tatu, "Walio hai tu, au na wale walioliwa?"

Hapo, watoto, kama wangekuwa watu wa kufikiri wangenyamaza. Lakini Shembago alimtazama Mwanambuya, akaona midomo yake inafunguka, akaogopa kutanguliwa.

"Walio hai na walioliwa," akasema. "Wote wangu."

"Wangu," akasema Mwanambuya. "Mpaka mifupa."

Chumvi peke yake ilisikika ikilia chini ya miguu ya watu.

Zimwi likageuka polepole likawatazama. Kinywa cha usoni kikamwuliza Shembago, "Ligwa alikuwa mtu wako?" Kinywa cha kisogoni kikamwuliza Mwanambuya, "Sanane alikuwa mtu wako?" Kisha vyote viwili vikasema kwa pamoja, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwa zimwi lile, kwamba wamelilisha ndugu zake.

Na tumbo likageuka.

Lilijikunja kwanza, kama kitambaa kinachokamuliwa, halafu likavimba. Zimwi likaanguka kwenye chumvi, likajiviringisha, likapiga kelele kwa kinywa cha mbele na kulia kwa kinywa cha nyuma. Likajivuta mpaka ukingoni mwa korongo, likaingia, likagonga mwamba wa kwanza, wa pili, wa tatu, likatulia.

Katika hadithi nyingine zimwi likifa hupasuliwa kidole cha mwisho, na watu wote waliomezwa hutoka wakicheza. Wanaume wa Chela walishuka, wakalipasua kidole. Hakutoka mtu. Wakapasua kila kidole, na mwisho wakapanda juu mikono mitupu, na mama yake Sanane alikuwa amesimama hapo juu anangoja.

Nyamizi alikuwa amekwisha kwenda kwenye nguzo. Akafungua fundo la kwanza, la pili, mpaka la tisa. Kabula hakusema neno lolote la kuchekesha. Alimshika dada yake shingoni na hakumwachia mpaka kivuli cha nguzo kikahama.

Na wale wawili? Shembago alihisi koo limekauka, akaagiza kibuyu cha maji. Akakiinua, mkono ukafika kifuani, ukasimama. Akaulazimisha. Ukasimama. Akageuka aone kama kuna aliyemwona, akamwona Mwanambuya upande wa pili wa mbuga ameshika kikombe karibu na kidevu, na kikombe hakipandi.

Wakarudi kwao bila ngoma na bila zumari. Tangu siku hiyo wakawa wanalishwa kama watoto, mtumishi anamega, mtumishi anatia kinywani. Na kwa kuwa kila mmoja aliamini mwenzake amemnunua mtumishi ili amtie sumu, walikula kidogo, kwa hofu, tonge moja likionjwa na watu watatu. Wakakonda.

Baada ya mwaka Shembago akatuma mjumbe kwa Nyamizi kuuliza dawa. Wiki hiyo hiyo akafika mjumbe wa Mwanambuya kwa neno hilo hilo. Nyamizi akawajibu wote sawasawa. Kiapo kinawashika kwa sababu wameshika neno lao. Kila mmoja aje mbugani, mbele za watu, aseme mara tatu kwamba watu wa Chela si watu wake, wala nchi yao si nchi yake. Akishasema, mkono utafika kinywani saa hiyo hiyo.

Mjumbe wa Kimbandu akauliza kama mfalme wake atasema kwanza.

Nyamizi akamwambia atakayetaka kula kwanza ndiye atakayesema kwanza.

Wajumbe wakaenda. Shembago akawaza kwamba akisema yeye kwanza, Chela itabaki ya Mwanambuya peke yake. Bora alishwe. Mwanambuya akawaza kwamba akisema yeye kwanza, Chela itabaki ya Shembago peke yake. Bora alishwe. Kila asubuhi mmoja aliuliza kama mwenzake amekwisha kusema, akaambiwa bado, akafungua kinywa akatiwa uji.

Wala hawakuweza kutuma jeshi. Askari walikuwa wameiona mbuga ile kwa macho yao, na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa wafalme wale siku ndugu mwingine atakapokuja na njaa. Wengi walihama, na wengine walikuja Chela kununua chumvi kama watu wengine, wakingoja zamu.

Nyamizi hakugonga visu tena. Walimjia watu wa mbali, wakampa ng'ombe, akakataa. Alikwenda nyumbani kwa Mzee Ligwa akawaambia watoto wake kwa kinywa chake ni nani aliyegonga, na kwa nini, na kwamba aliogopa. Walimsikiliza, wakampa maji. Akaenda kwa mama yake Sanane akasema maneno yale yale. Mama yake Sanane alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango. Walikaa kijiji kimoja miaka ishirini na sita, na yule mama hakumwitikia salamu hata siku moja. Nyamizi aliamkia kila siku.

Shembago alikufa akiwa mfupa, wa pili kufa. Wa kwanza alikuwa Mwanambuya. Jioni ile Shembago alipoletewa habari ya kifo chake alifurahi sana, akasema sasa Chela ni yangu peke yangu, akainua mkono kushangilia kwa kikombe cha pombe.

Ukafika kifuani, ukasimama.

Hapo hadithi yangu imeishia, na aliyekuwa anasinzia ameikosa, simrudii.

Na neno lake ni hili, watoto. Wakubwa wawili wakiwagombania, msikimbilie kuuliza yupi ana daraja pana. Sikilizeni wanavyowaita mbele za watu, halafu tafuteni kujua wanavyowaita wakidhani hamsikii. Na mkitakiwa kugonga visu juu ya jambo mnalojua ni baya, ondokeni mapema, hata kama magoti yanagongana, maana wako watu ambao baadaye hamtaweza kuwarudisha.

Haya, kaleteni maji, tunawe mikono, tule.